Safari ya mfugaji kutoka kituo cha maziwa hadi meza ya sera

KATIKA miteremko ya Kianjokoma, kaunti ya Embu, kazi ya maziwa huanza kabla jua halijachomoza. Ng'ombe wawili au watatu hukamuliwa bandani, maziwa yakachujwa na kumiminwa mtunguni, kisha yakapelekwa kwa miguu au kwa pikipiki hadi kituo cha kupokelea kilicho kando ya barabara. Huko karani huyakagua, akayapima, akaandika kilo katika kitabu cha mfugaji.

Kilo zikishaandikwa, maziwa huondoka mikononi mwa mwenyewe, na pamoja nayo huondoka sehemu kubwa ya uamuzi. Bei atakayolipwa mwisho wa mwezi, makato yatakayoondolewa, leseni inayotakiwa kwa anayetaka kuuza kwa jirani, ushuru unaotozwa unga wa maziwa kutoka nchi za nje. Hayo yote huamuliwa mahali pengine. Swali ambalo wafugaji wengi huliuliza kwa sauti ya chini ni iwapo katika meza hizo kuna mfugaji mwenzao, na kama yupo, ni nani aliyemtuma.

Swali hilo halijibiwi na sheria moja. Mfugaji anayepanda kutoka kituo cha maziwa hadi Nairobi hupita milango kadhaa, na kila mlango una ufunguo wake. Huku chini huchaguliwa na majirani wanaomjua yeye na ng'ombe wake. Kule juu huteuliwa na serikali. Kadiri anavyopanda ndivyo waliompa kura wanavyozidi kuwa mbali, na hapo ndipo penye kiini cha malalamiko mengi ya sekta hii.

Kianjokoma ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili kwa sababu mkazi wa huko huonja tawala za namna tatu kwa wakati mmoja. Eneo hilo liko kusini-mashariki mwa Mlima Kenya. Juu, karibu na msitu, kuna chai. Chini kuna kahawa. Ng'ombe wapo kote kote, wakilishwa mabingobingo yaliyopandwa kwenye kingo za matuta. Mtu yule yule aweza kuwa mwanachama wa chama cha ushirika cha kahawa, mwenye hisa katika kampuni ya kiwanda cha chai kama Mungania, na mpelekaji wa maziwa. Kahawa humlipa kwa msimu. Chai humlipa kidogo kila mwezi na bonasi mwisho wa mwaka. Maziwa ndiyo yanayonunua sukari na daftari za shule.

Kwenye chai, viwanda ni kampuni, na ubishi wa iwapo mkulima apige kura kwa kichwa au kwa wingi wa hisa umewahi kuwapeleka watu mahakamani. Kwenye ushirika ubishi huo haupo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, iliyorekebishwa mwaka 2004, inampa kila mwanachama kura moja, awe analeta kilo tatu au kilo mia tatu. Watu kumi wanatosha kuanzisha chama cha msingi. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu kabisa, na kamati ya kuendesha chama haipungui watu watano wala haizidi tisa.

Sheria hiyo hiyo inaeleza ni nani asiyefaa kuketi katika kamati. Asiyejua kusoma na kuandika hafai. Aliyefilisika hafai, wala aliyehukumiwa kwa kosa la udanganyifu. Mtu ambaye tayari yumo katika kamati za vyama vingine viwili hafai. Aidha, katika chama kinachofanya biashara ya mazao, hafai mwanachama anayefanya biashara ya mazao yale yale kwa faida yake binafsi.

Kipengele hicho cha mwisho kinastahili kusomwa mara mbili. Mjumbe wa kamati ambaye alfajiri huwanunulia majirani maziwa na kuyauza katika mikahawa ya mjini ana kila sababu ya kutaka bei ya chama ibaki chini. Anapoketi kujadili bei hiyo huwa amevaa kofia mbili, na sheria haitaki avae hata moja. Ugumu ni kwamba kulithibitisha jambo hilo ni kazi ya wanachama wenyewe kupitia mkutano wao, na katika kijiji ambako watu ni wakwe na ndugu, wengi huona ni afadhali wanyamaze.

Kuna jambo jingine linalotokea kabla ya kura yoyote kupigwa, nalo ni daftari la wanachama. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu za Kenya, anayeamka kukamua, kukata majani na kusafisha banda ni mwanamke. Jina lililo katika daftari mara nyingi ni la mume, kwa kuwa shamba ni lake na akaunti ya benki ni yake. Maziwa ya asubuhi huenda kwenye chama na malipo yake humfikia mume. Ya jioni hubaki nyumbani, ambako mke huyatumia kwa chai ya watoto au humuuzia jirani. Utaratibu huu umeandikwa na watafiti kwa miaka mingi. Maana yake kiutawala ni kwamba mtu anayeijua kazi hiyo zaidi ya wote hana kura kituoni, na asiyekuwa na kura kituoni hawezi kufika kwenye kamati, sembuse kwenye bodi.

Katiba ya mwaka 2010 inataka vyombo vya umma vinavyochaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Huko juu, mwanamke anaweza kuongezwa kwa uteuzi. Huku chini, hakuna uteuzi unaoweza kuziba pengo la daftari. Linalohitajika ni chama kukubali watu wawili wa nyumba moja wajiandikishe, kila mmoja kwa kilo zake. Hilo halihitaji sheria mpya.

Mlango wa pili ni muungano wa vyama. Chama kidogo hakiwezi kununua tangi la kupozea maziwa, lori na mitambo ya kusindika. Vyama vikiungana vinaweza, na ndivyo walivyofanya jirani zao wa Meru, ambako muungano wa Meru Central husindika maziwa ya wanachama na kuyauza kwa jina la Mount Kenya Milk. Huko Kiambu, chama cha Githunguri kilichoanzishwa mwaka 1961 kilifungua kiwanda chake mwaka 2004 na kuuza kwa jina la Fresha. Katika hatua hii kiongozi hatakiwi tena kujua ng'ombe pekee. Anatia saini mikopo ya mamilioni, anasoma hesabu zilizokaguliwa, anamwajiri meneja aliyesoma kumzidi na bado anatakiwa kumsimamia. Mfugaji hodari asiyeweza kusoma mizania humtegemea meneja kwa kila kitu. Meneja akipotoka, chama hupotoka naye.

Historia inaonya dhidi ya imani kwamba mfugaji akiketi kwenye bodi basi mambo yamekwisha. Shirika la KCC liliundwa mwaka 1925 na walowezi, Lord Delamere akiwa miongoni mwa waliolisimamisha. Lilikuwa shirika la wafugaji kwa maana halisi, ila wafugaji wenyewe walikuwa Wazungu peke yao. Walijipangia bei, wakajigawia soko, na walipohitaji serikali iwasikilize, ilisikiliza. Bodi ya Maziwa ya Kenya ilipoundwa mwaka 1958 kwa Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336, ilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Mwafrika alikuwa ndiyo kwanza anaruhusiwa kufuga ng'ombe wa gredi, kufuatia mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Baada ya uhuru, tume iliyoongozwa na Mwai Kibaki katika miaka ya 1964 na 1965 ilichunguza sekta ya maziwa, na mfumo wa migawo uliowapendelea wenye mashamba makubwa ukaja kuondolewa. Wafugaji wadogo wakamiminika KCC. Kwa miongo miwili hivi, jina hilo lilikuwa na maana ya malipo ya uhakika.

Kilichofuata kinajulikana na kila mzee wa maeneo ya maziwa. KCC iliendelea kuwa na wakurugenzi waliotoka miongoni mwa wafugaji, lakini viti hivyo viligeuka kuwa zawadi ya siasa. Uchaguzi wa wakurugenzi uliingiliwa na wanasiasa, waajiriwa wakazidi mahitaji, madeni yakarundikana. Serikali ilipoondoa udhibiti wa bei na ukiritimba wa KCC mwaka 1992, shirika halikuwa na nguvu za kushindana. Wafugaji walikaa miezi bila malipo. Mwaka 2000 mali yake iliuzwa kwa kampuni iliyojiita KCC 2000, na mwaka 2003 serikali mpya ya Kibaki ikaitwaa tena na kuunda New KCC.

Tangu hapo New KCC imekuwa shirika la serikali. Wafugaji waliokuwa na hisa katika KCC ya zamani hawajaacha kudai kwamba ni lao, na dai hilo liliibuka upya Novemba 2023, shirika hilo lilipotajwa miongoni mwa mashirika 11 ambayo serikali ilipanga kuyabinafsisha. Mpango huo ulipingwa mahakamani. Kwa mfugaji wa Embu hoja haikuwa ya kisheria sana. Aliuliza tu: walipokuwa wakikata shauri la kuuza, nani alituuliza?

Mlango wa tatu ni Bodi ya Maziwa yenyewe. Hii ndiyo inayotoa leseni, inayokusanya tozo, inayokagua ubora na kumshauri waziri. Mwenyekiti na wajumbe wake huingia kwa uteuzi unaotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mfugaji anaweza kuteuliwa, na wafugaji wamewahi kuteuliwa. Lakini aliyeteuliwa huwajibika kwa aliyemteua. Hakuna mkutano mkuu wa wafugaji wa nchi nzima unaoweza kumwita ajieleze, wala hakuna kura ya kumwondoa. Mwenyekiti wa kamati huko Kianjokoma anaweza kukutana na wanachama wake kanisani Jumapili na akaulizwa kuhusu senti hamsini zilizokatwa. Mjumbe wa bodi ya kitaifa hakutani na yeyote wa kumuuliza hivyo.

Katikati ya mlango huo na ule wa muungano kuna vyama vya kutetea wakulima. Kikongwe zaidi ni kile kilichoanza mwaka 1947 kama Kenya National Farmers' Union, ambacho sasa ni shirikisho linaloitwa KENAFF. Vyama vya namna hii huwa na watu waliozoea kuandika maoni rasmi na kufika mbele ya kamati za bunge. Hata hivyo, mfugaji wa ng'ombe wawili mara nyingi hajui kama ni mwanachama, kwa kuwa anaingia humo kupitia chama chake.

Nguvu ya wafugaji ilionekana mwaka 2019, na ilionekana nje ya bodi. Rasimu ya kanuni mpya za sekta ya maziwa ilipelekwa kwenye mikutano ya kukusanya maoni, na ndani yake mlikuwa na masharti ambayo yangezuia mfugaji kumuuzia mtumiaji maziwa mabichi moja kwa moja. Wahusika walieleza kwamba lengo lilikuwa kulinda afya ya walaji, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Lakini nchini Kenya sehemu kubwa ya maziwa huuzwa bila kupitia kiwandani. Maziwa ya jioni ya mama wa Kianjokoma, yale ya chupa anayopelekewa jirani, yangegeuka kuwa kosa. Wafugaji na wachuuzi katika maeneo mbalimbali walipiga kelele hadi aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mwangi Kiunjuri, akaiondoa rasimu hiyo Machi mwaka huo.

Kisa hicho husimuliwa kama ushindi, na ni haki kisimuliwe hivyo. Lakini kina upande wa pili. Kama wafugaji wangekuwapo wakati rasimu inaandikwa, kifungu hicho hakingefika vijijini katika umbo lile. Kupiga kelele baada ya rasimu kutoka ni kazi ya kuzuia, na anayezuia tu hapati nafasi ya kupendekeza. Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, kanuni mpya zilichapishwa chini ya Waziri Peter Munya, zikihusu mambo kama usajili na leseni, bei ya maziwa, na bidhaa zinazoingia kutoka nje. Safari hii kelele zilikuwa chache.

Zaidi ya miaka kumi na tano kabla ya hapo kulikuwa na mfano wa njia nyingine. Mradi wa wafugaji wadogo wa maziwa, uliowaunganisha wizara, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ILRI, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1997 hadi 2005. Watafiti walikusanya takwimu za soko la maziwa mabichi, wakapima usalama wake, wakaangalia jinsi watu wanavyoyachemsha nyumbani. Matokeo yake yaliwapa mashirika ya wakulima hoja zenye ushahidi, na mwaka 2004 Bodi ya Maziwa ilianza kulegeza msimamo, ikaelekea kuwafunza na kuwapa leseni wachuuzi wadogo badala ya kuwafukuza. Hakuna aliyeandamana. Kulikuwa na karatasi yenye takwimu, na mtu wa kuiweka mezani.

Embu yenyewe ina historia ya wafugaji kusikilizwa kama wenye elimu. Mapema miaka ya 1990, watafiti wa kilimo-misitu walijaribu mti wa kaliandra kama lishe katika mashamba ya wakulima wa eneo hilo. Ilibainika kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani, na kwamba miche takriban 500 hutosha ng'ombe mmoja. Walioamua mti huo upandwe wapi, kwenye kingo za matuta au kando ya ua, walikuwa wakulima, kwa sababu ndio waliojua ni ardhi ipi iliyobaki. Mti huo ukaenea katika nyanda za juu kupitia vikundi vyao na vitalu vyao.

Nchi za nje zimejibu suala la uwakilishi kwa njia tofauti. Huko Gujarat, India, wafugaji wa wilaya ya Kaira waligoma mwaka 1946 wakikataa kuuza maziwa kupitia mfanyabiashara aliyepewa haki ya pekee, wakaunda muungano wao chini ya Tribhuvandas Patel. Muungano huo ndio uliozaa jina la Amul. Muundo wake ni wa ngazi tatu, chama cha kijiji, muungano wa wilaya na shirikisho la jimbo, na kila ngazi hutokana na iliyo chini yake. Wataalamu huajiriwa, wenyeviti huchaguliwa.

Kampuni ya Fonterra ya New Zealand, inayomilikiwa na wafugaji tangu mwaka 2001, ilichukua mkondo wake. Mwaka 2016 wenye kampuni walikubali kupunguza viti vya bodi kutoka 13 hadi 11, saba vya wafugaji wanaochaguliwa na vinne vya wataalamu wanaoteuliwa. Kura zao, hata hivyo, hufuata wingi wa maziwa. Mfumo kama huo ukiletwa Kianjokoma, mama mwenye kilo tatu angebaki kuwa mtazamaji.

Kenya haikosi sheria za kumpa mfugaji nafasi. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inamtaka anayetunga kanuni awasikilize kwanza wale zitakaowagusa, na kanuni zikishachapishwa zinafikishwa bungeni katika siku saba za vikao. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi za kilimo na ufugaji, hivyo ofisi ya kufikisha hoja nyingi haiko tena Nairobi bali Embu mjini. Mwenyekiti wa chama anayelifahamu hilo anaweza kufika kabla rasimu haijaiva.

Kinachomkwamisha mara nyingi ni mambo madogo. Rasimu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali Kiswahili ni lugha rasmi pia. Ilani ya kukusanya maoni hutokea gazetini na mkutano ukafanyika kabla kamati haijapata siku ya kukutana. Anayetakiwa kuwa Nairobi saa tatu asubuhi huondoka Kianjokoma usiku, na ng'ombe wake hawajui kwamba mwenyewe amekwenda kuwatetea. Lazima apatikane mtu wa kuwakamua na kumlipa. Baada ya safari mbili tatu za namna hiyo, wengi humwachia nafasi mstaafu mwenye muda au mwanasiasa mwenye gari.

Hata bei, ambayo ndiyo hoja ya kwanza ya kila mfugaji, imezoea kutangazwa kutoka jukwaani. Mapema mwaka 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba New KCC italipa Sh50 kwa lita kuanzia Machi. Wafugaji walifurahi, na hawana kosa. Lakini bei inayotoka jukwaani haina kumbukumbu za mkutano ambazo mjumbe anaweza kuzirejea siku itakaposhuka, na hakuna mfugaji aliyejibizana na yeyote hadi ikafikiwa.

Kwa hivyo macho hurudi kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ule wa chini kabisa, unaofanyika uwanjani au katika ukumbi wa kanisa. Huanza kwa kuchelewa. Husomwa kumbukumbu za mwaka uliopita, hesabu, ripoti ya mwenyekiti, hotuba za wageni. Uchaguzi wa wajumbe, kwa desturi, huwekwa mwishoni mwa ajenda. Inapofika zamu yake jua limeshaanza kuinama, na wale wenye ng'ombe wa kukamua jioni wameanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea bandani.